Virutubishi na kinga ya mwili dhidi ya saratani: maana yake nini?

Mara kwa mara seli chache mwilini huharibika na kuanza kugawanyika ovyo. Nyingi haziendi mbali, kwani kinga ya mwili huzitambua na kuziua, na kazi hiyo hufanywa hasa na seli nyeupe za damu ziitwazo seli T. Saratani hupata nafasi pale seli mbovu zinapofanikiwa kujificha, au seli T zinapochoka.

Hapo ndipo chakula kinapoingia. Seli T ikishamtambua adui huzaliana kwa kasi, na kuzaliana huko kunataka protini, zinki, chuma na vitamini. Kwa hiyo chakula hakiui uvimbe wa saratani. Kinachangia nguvu ya seli inayokwenda kuuua.

Kwetu watu wa Kusini mwa Tanzania mfano uko shambani: madini ya magneziamu yaliyomo kwenye korosho. Juu ya seli T kuna protini iitwayo LFA-1, ndiyo inayoing'ang'aniza kwenye seli ya saratani. Isiposhika barabara, haiui. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walionyesha kwamba LFA-1 haikai sawasawa mpaka pawe na magneziamu ya kutosha pale pale inapofanyia kazi. Panya walioongezewa magneziamu ndani ya uvimbe, seli T zao zilipigana vizuri zaidi.

Gramu 100 za korosho zina takribani miligramu 290 za magneziamu. Kiganja kimoja, kama gramu 30, kinampa mtu mzima karibu robo ya mahitaji yake ya siku. Ndiyo maana inaniuma kuona nyumba ya mkulima Tandahimba au Newala imepeleka magunia yote mnadani, isibaki hata ya kutwanga na kutia kwenye uji wa mtoto.

Mbaazi, kunde na mtama vina njia yao nyingine. Nyuzinyuzi zake hulisha bakteria wa utumbo, na bakteria hao huathiri kinga. Utafiti uliotoka Houston, Marekani, mwaka 2021 uliona kwamba wagonjwa wa saratani ya ngozi waliokula nyuzinyuzi nyingi walinufaika zaidi na dawa za kuamsha kinga.

Lakini asitokee mtu akamwambia mgonjwa aache dawa za Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ale korosho. Magneziamu ile iliwekwa kwenye uvimbe wa panya; hakuna aliyeponywa kwa kutafuna. Na vidonge si sawa na chakula: Finland, mwaka 1994, wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, kirutubishi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Mwenye figo dhaifu naye asinunue vidonge vya magneziamu duka la dawa bila daktari kujua, maana figo zikishindwa kuitoa, hujaa kwenye damu na kuuvuruga moyo.