Radio ya simu haili bando jamani

Juzi kwenye feri ya Likoni kuna mzee alikuwa anasikiza Pwani FM kwa kasimu kake, iafoni imechomekwa lakini sauti inatokea kwa spika, mara akaizima eti bando litaisha kabla ya taarifa ya habari. Hii nimeisikia miaka na miaka, hata vijana wanaiamini.

Sasa iko hivi, ile FM ya ndani ya simu haigusi intaneti kabisa. Mna kichipu kinachonasa mawimbi ya megahezi 88 hadi 108, yaleyale yanayonaswa na radio ya fundi cherehani pale Marikiti. Na iafoni unaambiwa uchomeke si kwa ajili ya masikio tu, ule waya ndio eriali, maana wimbi la FM lina urefu wa kama mita 3 na simu yenyewe ni fupi mno. Nikamwambia mzee achomoe laini, akachomoa, taarabu ikaendelea vilevile, akacheka, "Kumbe najinyima bure!"

Inayokula bando ni kusikiza kwa apu, hapo kila mtu anatumiwa nakala yake, lakini mnara wa FM unarusha mara moja tu, wasikizaji wawe 10 ama laki. Hata TV inawezekana hivyo, Korea Kusini walianza kurushia simu 2005, Japani 2006. Ila simu nyingi za sasa hiyo FM haimo, na tundu la iafoni pia wameliziba.