Juma aliyezaliwa Alhamisi

Kijana mmoja alinifuata baada ya kipindi, cheti cha kuzaliwa mkononi, uso kama wa mtu aliyedhulumiwa. Anaitwa Juma. Kalenda ya simu ilikuwa imemwambia kwamba tarehe ya kwenye cheti iliangukia Alhamisi. "Mwalimu, mimi si ningeitwa Hamisi?" Nikamwuliza alizaliwa saa ngapi. Akampigia mama yake palepale. Mama hakuhitaji kufikiri: baada ya Maghribi, watu wanatoka msikitini.

Basi ni Juma halali kabisa.

Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo ndiyo ya Waswahili wa tangu zamani, siku haingoji saa sita usiku. Jua likishazama, siku nyingine imeingia. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jioni. Magazeti hukwepa utata kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", lakini wazee wa pwani hawajisumbui. Niliwahi kualikwa maulidi "usiku wa Jumatatu", nikafika Jumatatu baada ya Isha, kanzu imenyooshwa, manukato yananukia. Nikamkuta mwenyeji barazani na msuli wake, ananitazama tu. Maulidi yalisomwa jana yake.

Sasa jina lenyewe. Linatokana na Kiarabu, kwenye mzizi wa herufi jim, mim na ain, wenye maana ya kukusanya. Waarabu wa kale wakiiita siku ya Ijumaa Aruba. Jina la Jumaa, yaani siku ya kukusanyika, ndilo lililoshika katika Uislamu, na sura ya 62 ya Kurani inaitwa kwa jina hilo. Mzizi huohuo umetuzalia jamaa, jamii na jumuiya. Watu hupenda kuongeza "jumla" kwenye orodha hiyo. Hapana. Jumla mzizi wake unaishia na lam, na ni ukoo mwingine.

Kilichonivutia siku zote ni tulivyolifanyia kazi neno hili wenyewe. Tulilichukua likiwa siku moja, tukalitanua likawa siku saba: majuma mawili ni wiki mbili. Kisha tukaanza kuhesabu mara Ijumaa inapopita: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Jumasita hatuna, hapo tukarudi kwa Waarabu tukachukua Alhamisi, ambayo kwao nayo maana yake ni ya tano, kwa kuwa wao huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana, na Hamisi, ambaye jina lake linasema tano, kwetu huzaliwa siku ya sita. Sijawahi kumwona Hamisi akilalamika.

Kumpa mtoto jina la siku si jambo letu peke yetu. Waakan wa Ghana humwita mvulana wa Ijumaa Kofi, na Kofi Annan, aliyezaliwa tarehe 8 Aprili 1938, alizaliwa Ijumaa kweli. Wahausa wana Danjuma, mwana wa Ijumaa. Hapo "dan" ni mtoto wa kiume. Kwetu mambo ni kinyume: mvulana ni Juma mtupu, na msichana ndiye anayeongezewa, Mwanajuma, ambalo ulimi umelifupisha likawa Mwajuma. Wengi hudhani "mwana" hapo ni mtoto. Mimi naona ni ile mwana ya heshima ya kike, kama ya Mwana Mkisi, malkia wa masimulizi ya Mombasa.

Huko lilikotoka na lilikofika, tahajia hubadilika. Mmisri husema Gomaa, kwa kuwa jim yake ni g. Kongo wengi huandika Djuma, kwa mkono wa Kifaransa. Magharibi mwa Kenya jina limeingia hata katika nyumba za Wakristo. Profesa Calestous Juma, mwanasayansi wa Busia aliyefariki mwaka 2017, alilichukua kwa baba yake. Likishafika hapo, kalenda haina tena la kusema: mtoto hupewa Juma kwa sababu babu alikuwa Juma, hata azaliwe Jumanne saa nne asubuhi.

Kijana wangu alisikiliza yote, akakunja cheti. Akauliza kama ana haki ya kusherehekea siku mbili.