Kuchora shaba kwa umeme: hesabu ampea, achana na volti

Kuchora huku ni kuacha umeme ule shaba pale ambapo bamba halikufunikwa na vanishi. Wengi wakishaharibu bamba la kwanza huuliza watumie volti ngapi. Hilo si swali. Kinachokula shaba ni ampea, na volti zilezile hupitisha ampea nyingi zaidi dawa (maji ya kuchorea) ikipata moto au sahani mbili zilizomo, bamba na shaba ya upande wa hasi, zikisogeleana. Ndiyo maana kazi inaanza vizuri saa tatu, kufika saa nne vanishi imebanduka na kingo za herufi zimeliwa kwa chini.

Tuseme sehemu iliyo wazi ni sentimita 4 kwa 4, yaani sentimita mraba 16. Lenga ampea 0.7. Kwa mkondo huo shaba inapungua gramu 0.83 kwa saa, kina cha milimita 0.058. Ukitaka milimita 0.1, ngoja saa moja na dakika 45. Hesabu hii ni ya dawa ya mrututu (salfeti ya shaba), gramu 200 kwa lita ya maji. Unauzwa kwenye agrovet. Kwa chumvi hesabu hii haishiki, na tope lake la kijani linaudhi.

Kizuizi cha mkondo ninachokipenda ni balbu ya indiketa ya pikipiki, volti 12 wati 10, kutoka Kirinyaga Road, Nairobi (Grogan, kwa wenyeji). Iwe ya waya ndani, si LED. Waya ule ukipata moto ukinzani wake unapanda karibu mara kumi, kwa hiyo mkondo ukitaka kukimbia balbu inaubana yenyewe.

Kutoka chanya ya betri ya gari: fyuzi ya ampea 3, balbu, mita ya kupima ampea kwenye tundu la 10A, kisha bamba unalochora. Hasi iende kwenye kipande cha shaba chakavu, umbali wa sentimita 3. Chuma cha pua kisifungwe chanya kamwe. Kinatoa kromiamu inayoleta saratani.

Anayetaka mkondo usiotikisika, badala ya balbu atumie LM317 (IC ya kudhibiti umeme) na rezista ya ohmu 1.8, wati 2: 1.25 gawanya kwa 1.8 ni 0.69. Ila IC hiyo itatoa joto la wati 5 na zaidi. Bila bamba la alumini la kuipoza, inajizima.

Balbu ikiwaka ghafla kwa nguvu, sahani zimegusana. Ikififia, angalia kwanza kibanio kinachoshika waya kwenye bamba. Mara nyingi kimeota kutu ya kijani. Na dawa usiimwage mtaroni: mrututu unaua samaki. Ichuje, uitunze kwa kazi inayofuata.