Ukichaguliwa vyuo vitatu: maneno ya nyumbani na ukweli wake

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na jina lake likatoka kwenye orodha ya waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja. Uhandisi wa ujenzi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi huohuo DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), na tena MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Nyumbani Chanika, pembezoni mwa Dar, tulifurahi siku moja. Kuanzia siku ya pili kila aliyepita kusalimia aliacha ushauri. Mengi yalikuwa yaleyale niliyoambiwa mimi zamu yangu ilipofika, na baadhi yaliniumiza. Ndiyo maana nayaandika.

"Umeshachaguliwa, nafasi ni yako, tulia."

Hapana. Aliyechaguliwa vyuo viwili au zaidi anatakiwa kuthibitisha kimoja tu, ndani ya siku zinazotangazwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa ujumbe mfupi au barua pepe. Namba hiyo huenda kwenye simu uliyojaza wakati wa kuomba. Hapo ndipo vijana wengi wanapokwama: walijaza namba ya mjomba, au ya kaka wa stesheneri aliyewasaidia kuomba, au laini ambayo haipo tena. Kama haijafika, ingia kwenye akaunti yako ya maombi katika chuo unachokitaka, uombe itumwe upya. Usingoje siku ya mwisho.

"Thibitisha chochote, utahama baadaye."

Hili nililiamini mimi. Kuhama kupo, lakini kuna dirisha lake lenye tarehe, lazima kozi unayoiendea iwe na nafasi, na lazima uwe umetimiza sifa za kuingilia kozi hiyo. Juu ya hayo kuna mkopo. Bodi ya Mikopo inakutambua kwa chuo na kozi uliyopangiwa, kwa hiyo ukihama wewe, fedha nazo zinatakiwa zihamishwe. Mimi bumu langu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, lilichelewa muhula karibu mzima kwa sababu chuo nilichotoka na nilichokwenda kila kimoja kiliniambia niulize kwa mwenzake. Nilikula kwa hisani ya wenzangu wa chumba. Thibitisha pale unapokusudia kusoma.

"Mlimani ni Mlimani."

Hii ni kauli ya baba mdogo, na ina historia ya kuiheshimu. Mlimani ilianza 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ikawa chuo kikuu kamili 1970, na uhandisi ukaanza kufundishwa pale 1973. Sidharau hata kidogo. Lakini baba mdogo anasema kana kwamba jina lile ndilo litakalomfanya kijana awe mhandisi, na hapo tunatofautiana.

Mhandisi Tanzania anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhitimu wa Mlimani, wa DIT na wa MUST wote wanapita mlango huohuo: kwanza mhandisi mhitimu, kisha miaka isiyopungua mitatu kazini chini ya wahandisi wazoefu, ndipo waombe kusajiliwa kuwa wahandisi kamili. Fani nyingine ni hivyohivyo. Anayetaka uwakili anakwenda Shule ya Sheria kwa Vitendo, awe ametoka chuo gani. Anayetaka CPA, sifa ya uhasibu, anafanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Nazo ajira za serikalini zinazopitia Sekretarieti ya Ajira huanza na usaili wa kuandika, na karatasi ya mtihani ni moja kwa wote.

Jina husaidia, sikatai: unakutana na watu wengi, na waliokutangulia wapo kila ofisi. Ila nisingeliweka mbele ya mambo haya: kozi yenyewe ina masomo gani mwaka kwa mwaka, karakana na maabara zinafanya kazi au zimefungwa kufuli, na wanafunzi wanapata wapi nafasi za fildi (mafunzo kwa vitendo). Hayo utayajua kwa kwenda chuoni na kumuuliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Usimuulize wa mwaka wa kwanza, bado ana furaha ya kitambulisho kipya.

"DIT ni taasisi tu, digrii yake ni nusu."

Ni digrii kamili. Taasisi kama DIT, IFM (ya fedha), CBE (ya biashara) na NIT (ya usafirishaji) ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, badala ya kuwa vyuo vikuu, na digrii zao ni ngazi ya 8 ya tuzo za ufundi, sawa na shahada ya kwanza. DIT yenyewe ina mizizi kwenye chuo cha ufundi kilichoanza 1957.

"Mkopo utalipa yote."

Unaweza kupewa sehemu tu ya ada, kulingana na hali ya familia yako. Jiulize mapema: pengo nani atalijaza, kila mwaka, kwa miaka minne? Na kumbuka ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa hadi liishe.

"Asome Dar, alale nyumbani, gharama zitapungua."

Mama alisema hivi kwa mapenzi, na hoja hii ndiyo iliyotukalisha muda mrefu kuliko zote. Chanika kwenda Mlimani ni magari mawili, wakati mwingine matatu, na kuna vipindi vya saa moja asubuhi. Nauli ni ndogo ukiitaja ya siku moja. Ijumlishe ya muhula, weka na chakula cha nje, kisha weka saa anazosimama kwenye foleni wakati wenzake wako diskasheni. Hosteli za vyuo hazitoshi wote. Chumba cha Msewe au Changanyikeni, karibu na Mlimani, kinataka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Mbeya, ambayo mama hakutaka hata kuisikia kwa sababu ya umbali, chumba huwa nafuu na kijana anaweza kutembea kwa miguu hadi darasani.

Sikutaka tubishane kwa kukisia. Nilimpa nauli, nikamwambia Jumatatu aende Mlimani na Jumanne aende DIT, pale Morogoro Road na Bibi Titi, atoke saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa ambayo vipindi vya jioni vinaisha. Alirudi na daftari lenye muda wa kila kituo. Usiku wa Jumanne alimwonyesha mama ukurasa ule, mama akausoma polepole mpaka chini, kisha akauliza chumba kimoja Msewe ni shilingi ngapi. Kesho yake asubuhi mdogo wangu aliingiza namba ya siri ya Mlimani.