Gari Lililo Juu ya Mawe Bado Lina Bei

Ukizunguka nyuma ya ofisi nyingi za serikali, iwe Nakuru, Kisumu au Kakamega, huenda ukaona gari lililoegeshwa juu ya mawe, nyasi zimepanda hadi dirishani. Wananchi hutuuliza sisi wathamini: mbona lisiuzwe? Wana haki ya kuuliza. Jibu lake huanzia kwenye daftari la mali, kabla hata ya kufikiria mnada.

Baadhi ya vyuma hivyo ni vya kurithi. Kaunti zilipoanza mwaka 2013, zilikuta mali ya mabaraza 175 ya zamani, na si kila kitu kilikuja na hati zake. Gari lisilo na logibuku ni mtihani: nani atalinunua iwapo hawezi kulisajili kwa jina lake?

Sheria ya Kenya ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inamtaka anayetunza kifaa kilichoharibika, kilichopitwa na wakati au kilichozidi mahitaji aiarifu kamati ya uondoaji mali kupitia mkuu wa ununuzi. Kamati hupendekeza njia, na mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi ndiye mwenye kauli. Kifaa kinaweza kupewa taasisi nyingine ya umma, kuuzwa kwa zabuni au mnada, kutolewa kama sehemu ya malipo ya kipya, au kuteketezwa kama taka.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo pesa za umma hupotelea. Wengi huchukua thamani iliyo kwenye vitabu vya hesabu. Tuseme gari lilinunuliwa kwa shilingi 4,000,000 na hupunguzwa robo ya thamani iliyobaki kila mwaka. Baada ya miaka 4 vitabu vitasema 1,265,625. Baada ya 10, kama 225,000 hivi. Soko halisomi vitabu hivyo. Injini na giaboksi zikiwa nzima, fundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, anaweza kutoa zaidi. Zikiwa zimeng'olewa, linabaki la kupimwa kwa kilo. Ndiyo maana mthamini hufungua boneti, akalinganisha nambari za injini na chesisi na zilizo kwenye daftari, akapiga picha, akaandika kilichopo na kisichopo: betri, altaneta, tairi, redio. Hapo ndipo bei ya chini inayokubalika hupangwa.

Ripoti hiyo nayo huchacha. Gari lililothaminiwa mwaka juzi likapigwa na misimu miwili ya mvua, huku betri ikitoweka usiku, si gari lile tena. Nimewasikia maafisa wakisema wanaogopa kuuza bei ya chini, mkaguzi asije akawauliza. Lakini mkaguzi huuliza pia kwa nini gari limeachwa likaoza, na swali hilo ni gumu zaidi kulijibu.

Si kila kitu ni cha kuuzwa. Dawa zilizopita muda huharibiwa chini ya usimamizi. Kompyuta mbovu hupelekwa kwa mwenye leseni ya kushughulikia taka za kielektroniki, na kumbukumbu za wagonjwa au walipa kodi zifutwe kwanza. Majalada, hata yaliyoliwa na mchwa, hayachomwi bila idhini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa.

Wewe unayetaka kununua, usitegemee tangazo peke yake. Nenda siku ya kukagua, na ukiweza uende na fundi wako. Soma masharti ya amana na siku za kuondoa mzigo, kwani ukichelewa unaweza kutozwa ada ya kuhifadhi. Wafanyakazi wa taasisi inayouza wamezuiwa kununua na kifungu cha 166 cha sheria hiyo ya 2015, isipokuwa pale kanuni zinaporuhusu waziwazi. Ukimwona mmoja wao akinunua kwa jina la shemeji, una haki ya kulalamika. Na usikubali kutoka getini na gari lenye nambari za usajili za kaunti, kama 32CG au 42CG, bado zimebandikwa.