Kwa nini ukuta wa kale haupigwi saruji?

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Ni jengo la mawe ya matumbawe, na bahari iko karibu. Anayeuona leo, kuta zimeliwa na lipu imebambuka, huuliza swali ambalo kila mlinzi wa magofu ameshalisikia: kwa nini wasiupige saruji nje yote, au wasiupake dawa ya kuzuia maji, mambo yakaisha?

Wengi hudhani mvua ndiyo mharibifu mkuu. Mvua ina lake, hasa paa likishaporomoka, lakini mwambaoni anayekula ukuta kwa bidii zaidi ni chumvi. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia vitundu hivyo, na upepo nao huleta rasharasha za bahari. Yote yamebeba chumvi. Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 75 hivi, chumvi hiyo huyeyuka yenyewe humo humo ndani ya jiwe. Unyevu ukishuka chini ya hapo, inaganda tena kuwa chembe, na chembe zikikua ndani ya kitundu chembamba husukuma kuta zake mpaka jiwe linameguka. Hewa ya pwani nayo hupanda na kushuka kwenye kiwango hichohicho, usiku na mchana. Ukuta unaweza kumeguka mwaka mzima bila kunyeshewa hata tone.

Mafundi wa zamani hawakuwa na vipimo vya unyevu, ila walikuwa na chokaa. Magogo yalipangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikawekwa juu, moto ukawashwa. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali. Ikipata maji huchemka, ikalainika. Ikipakwa ukutani huvuta tena hewa ya ukaa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe la asili ileile. Kwa hiyo lipu ya chokaa juu ya matumbawe ni jiwe juu ya jiwe, ila la juu ni laini zaidi na linapumua. Kwenye mapaa ya nyumba za mawe kazi ilikuwa kubwa kuliko hiyo: chokaa na kokoto vilimwagwa juu ya boriti za mikoko, kisha watu wakavipiga kwa vijiti siku kadhaa, kwa nyimbo, mpaka vikashikana. Sijui ni ukarabati gani wa leo unaofanywa kwa raha kama hiyo.

Siri yenyewe iko kwenye ulaini wa lipu. Maji yaliyomo ukutani hupita katika chokaa na kukaukia usoni, chumvi ikagandia huko huko. Kinachomeguka ni lipu, jiwe la nyuma likapona. Lipu ni kandambili ya ukuta: inalika yenye­we ili unyayo usichubuke. Ndiyo maana nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilikuwa zikipigwa chokaa upya mara kwa mara, na hakuna aliyeona kwamba chokaa ya awali ilikuwa mbovu.

Saruji hufanya kinyume. Ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanafika nyuma yake, yanakwama, yanazidi kupanda, na chumvi inagandia ndani, pale lipu inapokutana na jiwe. Kwa miaka michache ukuta unaonekana umepona kabisa. Kisha bamba zima la saruji linaanguka, nalo halianguki peke yake: linaondoka na ngozi ya jiwe lililokuwa chini yake. Saruji nyingine huongeza chumvi zake juu ya zile zilizokuwepo.

Na dawa za kisasa? Zinazojulikana zaidi ni za jamii ya silikoni, zinazoitwa silaini na siloksani. Haziweki utando juu ya jiwe. Huingia ndani na kuvika kuta za vitundu, maji yakateleza nje huku mvuke ukiendelea kutoka. Kwa jiwe kavu linalonyeshewa na mvua tu, zinaweza kufaa. Kwa ukuta unaonyonya maji ya chumvi kutoka chini, ni hatari: maji huishia nyuma ya tabaka lililopakwa dawa, chumvi ikagandia hapo, na tabaka lote likasukumwa nje. Tena dawa hiyo ikishaingia haitoki.

Mnara wa Misri uliosimamishwa Central Park, New York, mwaka 1881 unaonyesha ubaya wa kukurupuka. Jiwe lake la granite lilikuwa limevuta chumvi huko Misri, na katika hewa ya New York likaanza kubanduka. Mwaka 1885 jiwe likapashwa moto na kupakwa nta ya parafini, ile ya mishumaa, baada ya vipande vilivyolegea kung'olewa. Nta huzuia mvua, lakini haiondoi chumvi iliyokwisha kuingia ndani.

Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya ukarabati. Ugumu unaobaki, kwa maoni yangu, ni wa bajeti kuliko wa kemia: mfadhili hutoa fedha za mradi mkubwa wenye uzinduzi, si za ndoo ya chokaa na brashi kila baada ya misimu michache.

Ukitaka kujua hali ya ukuta wa kale uliopigwa saruji, ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukilia tupu, saruji imeshaachana na jiwe. Fundi mzoefu huibandua taratibu, hufagia unga mweupe wa chumvi ukiwa mkavu bila kuuosha, maana maji yataurudisha ndani, kisha huuacha ukuta ukauke kwa miezi. Hapo ndipo chokaa inapoanza kupakwa, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likisubiriwa lishike.