Je, wajua kwa nini king'amuzi na deki havifai kuchomekwa pamoja kwenye tundu moja la sabufa?

Sebule nyingi za Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Kisasa, zina sabufa yenye jozi moja tu ya matundu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. King'amuzi kinayataka, deki inayataka, na watoto nao wana gemu yao. Nyumbani kwetu tulinunua nyaya zenye umbo la Y, tukachomeka king'amuzi na deki kwa pamoja. Taarifa ya habari ikawa inasikika kwa mbali, na tukizima deki, sauti inapotea kabisa. Tulidhani spika zimekufa.

Ajabu ni kwamba nyaya hizohizo ukizigeuza, king'amuzi kimoja kikalisha sabufa mbili, zinafanya kazi vizuri tu.

Siri iko kwenye ukinzani, yaani jinsi tundu linavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu. Tundu la kuingizia sauti hutengenezwa liwe na ukinzani mkubwa, kwa kawaida omu 10,000 au zaidi, ili livute umeme kidogo sana. La kutolea sauti ni kinyume chake: mara nyingi halizidi omu mia chache. Sasa fikiria pampu inayopandisha maji kwenye simtenki lililo juu ya mnara, huku koki ya chini uani imeachwa wazi. Maji yatamwagika uani. Sauti ya king'amuzi nayo inapofika kwenye maungio ya Y, sabufa ndiyo mnara, na tundu la kutolea sauti la deki ndiyo koki iliyo wazi.

Tupige hesabu. Tuseme matundu ya king'amuzi na deki yana omu 500 kila moja, na la sabufa omu 20,000. King'amuzi kikiwa peke yake, karibu asilimia 98 ya volti zake hufika kwenye sabufa. Ukiongeza deki, zinabaki kama asilimia 49. Kuzima deki hakusaidii, maana vifaa vingi vikizimwa huunganisha tundu lao la sauti na graundi ili spika zisipige kishindo. Hapo sauti ya jirani yake nayo inazama humohumo.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuifanya televisheni iwe ndiyo kituo: kila kifaa kichomekwe kwenye televisheni, kisha sauti itoke kwa waya mmoja kwenda kwenye sabufa. Kama zote mbili zina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, tumia hilohilo, si la pembeni yake. Uwezo huo ulikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, na ndio unaorudisha sauti kutoka kwenye televisheni. Sabufa ya zamani itatosheka na tundu la earphone la televisheni. Kama televisheni ina tundu la sauti ya mwanga (optical) tu, utahitaji kisanduku cha kuibadilisha iwe sauti ya waya wa kawaida, na kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni uchague PCM, yaani sauti isiyobanwa, la sivyo unaweza kupata kimya.

Televisheni yetu ya kichogo haikuwa na hata tundu moja kati ya hayo. Fundi alituletea kisanduku chenye vitufe vitatu, kisichotumia hata umeme: ukibonyeza cha deki, king'amuzi kinakatwa kwanza. Nyaya za Y tukazitoa, na taarifa ya habari ikasikika hadi jikoni.